WAYA WA SPIKA USIKUINGIZE MJINI

Najua kuna waliokaa mkao wa kula wakisubiri mambo ya mahaba. Leo mtanisamehe, tunaongea muziki. Lakini msifunge gazeti, maana muziki nao unavunja ndoa, nyie subirini tu.

Huku kwetu Kasulu na Kibondo siku hizi jioni ni kelele tupu. Tulizoea umeme wa jenereta za dizeli, leo upo kesho haupo. Tangu gridi ya Taifa ilipotufikia mwaka 2022, sabufa zimeingia mpaka kwa watu ambao hata kitanda hawana. Wa vijijini nao hawakubali kushindwa: redio ya gari, betri, sola juu ya bati, mambo yanakwenda.

Sasa pakiwa na muziki, hapakosi mjanja wa kukuuzia kitu. Kuna shemeji yangu yuko Kibondo. Msimu uliopita aliuza maharage yake, akanunua amplifaya na spika mbili za mtumba, mapande ya mbao hasa. Akabaki na shilingi 90,000. Akaingia kwenye duka moja, jina nalihifadhi, kuuliza waya. Muuzaji akamwangalia kama daktari anayetaka kutoa habari mbaya: "Mzee, spika hizi ukizifunga na waya wa kawaida zinakufa sauti." Akamtolea waya mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, ganda lake linaonyesha ndani, unang'aa kama dhahabu. Kwa mita nane tu, elfu 80!

Shemeji akataka kulipa. Kumbe dada yangu hela ile alikwishaihesabu zamani. Mtoto wao wa kwanza anaingia kidato cha kwanza, sare bado, godoro bado. Nyumba ikanuna siku tatu, chakula kinawekwa mezani bila salamu. Mwisho dada akanipigia simu: "Mdogo wangu, wewe si ndiye unajua kila kitu huko gazetini? Hebu mwambie shemeji yako."

Jamani, mimi niliishia kidato cha nne, lakini fizikia ya waya ilibaki kichwani. Waya ni kama mpira wa maji. Ukiwa mrefu, maji yanasumbuka. Ukiwa mwembamba, yanasumbuka zaidi. Ukiwa mnene na mfupi, yanapita bila habari. Rangi ya mpira haihusiki, na bei yake haihusiki.

Tuje kwenye hesabu, maana hesabu haina undugu. Geuza spika utakuta imeandikwa omu 8 au omu 4. Huo ndio ukinzani wake. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Spika za shemeji ni za omu 8, na ile ya mbali iko mita tano kutoka kwenye amplifaya. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ambao mafundi umeme wanauita "wan-poinfaivu". Kwa mita tano kwenda na tano kurudi unapata omu 0.12 hivi, yaani hata asilimia 2 haifiki. Sikio gani la binadamu litalalamika hapo?

Shemeji akanunua waya wa shaba wa pacha, wan-poinfaivu, mita nane kwa elfu 16. Elfu 74 zikarudi mkononi mwa dada. Sare ikapatikana, godoro likapatikana, na salamu zikarudi mezani. Muziki wenyewe? Jirani ndiye aliyekuja kuomba upunguzwe.

Lakini msinielewe vibaya, sijasema kila waya unafaa. Ule mwembamba wa milimita 0.5, ukiuvuta mita kumi mpaka kwenye spika ya omu 8, unavuka asilimia 8. Hapo sauti inapungua na besi inalegea kama mgonjwa wa malaria. Na kama spika ni ya omu 4 na iko mita kumi, nenda kwenye milimita 2.5. Basi, zaidi ya hapo unapamba ukuta.

Jihadhari pia na changa la macho. Kuna waya unauzwa kama shaba, kumbe ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe ndani, umeshajua. Ukiushika mkononi ni mwepesi kuliko shaba. Haimaanishi hautapiga muziki, ila ukinzani wake ni mkubwa, hivyo ununue mnene zaidi na ulipe bei ya aluminiamu, si ya shaba.

Na msidhani ni sisi wa porini tu tunaodanganyika. Wamarekani miaka mingi walifunga spika zao kwa waya wa kawaida wa taa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akatokea injinia Noel Lee na kampuni yake ya Monster Cable, waya wa spika ukageuka bidhaa ya fahari. Ikafika mwaka 2007 kampuni ya Pear ikawa inauza waya wa Anjou, futi 12 kwa dola 7,250! Mzee mmoja mtegua mazingaombwe, James Randi, akasema yuko tayari kutoa dola milioni moja kwa atakayetofautisha kwa masikio tu waya huo na wa Monster. Mpaka leo hakuna aliyeondoka na hela hiyo. Sasa kama Mmarekani kwenye chumba chenye zulia hasikii tofauti, wewe ndugu yangu wa nyumba ya bati, mvua ya Kasulu ikianza kugonga juu utasikia nini?

Kuna mambo matatu yanayobadilisha sauti kweli, na hayana bei. La kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukigeuza spika moja, zinapingana na besi inapotea. Kama alama zimefutika, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha mara moja tu kwenye miguu ya spika. Ngozi ikisogea mbele, mguu ulioguswa na chanya ndio chanya. La pili, sokota nyuzi vizuri, usiache hata unywele mmoja uguse upande wa pili, maana hapo amplifaya inaungua. La tatu, pitisha waya juu, panya wa Kigoma hawajui bei.

Wenzangu wa sola, sikilizeni. Redio nyingi za kisasa za gari zina waya hasi wa spika ambao si wa kuunganisha na bodi wala na hasi ya betri. Ukiunganisha, umeua redio. Hasi za spika mbili nazo zisigusane. Na waya ambao ninyi mnapaswa kuugharamia ni ule wa kutoka betri. Redio ikivuta ampea 5 kupitia wan-poinfaivu wa mita tano, unapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Ndiyo maana besi ikipiga redio inazima, nanyi mnamlaumu fundi. Sogeza betri karibu au weka waya wa milimita 4. Na fyuzi iwekwe palepale betri ilipo, nyumba isije ikaondoka na muziki.

Haya, wiki ijayo tukijaliwa tunarudi kwa wachumba. Mwenye swali aandike, ila asiniulize bei ya dhahabu. Kwaherini.