Mshahara usiolipwa Kindu: kungoja bila kuandika kunaua dai

Katika mji wa Kindu, mfanyakazi anayedai mshahara wake mara nyingi anajibiwa neno moja: vumilia. Watu wa reli wanalijua vizuri neno hilo, maana SNCC, kampuni ya serkali, imebeba kwa miaka mingi deni la mishahara ya wafanyakazi wake. Lakini kwa yule anayetumika kwenye duka, hoteli ao kampuni ndogo, kuvumilia bila kuandika kunaweza kumpotezea pesa zote.

Kode ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mshahara ulipwe angalau mara moja kwa mwezi, na usichelewe zaidi ya siku 6 baada ya mwezi kuisha. Mkataba ukivunjika, kila kinachobaki kilipwe ndani ya siku 2 za kazi.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 317, inaweka mpaka ambao wengi hawaujui: dai la mshahara linakufa mwaka 1 tangu siku ulipopaswa kulipwa. Kila mwezi unahesabiwa peke yake. Patroni anayesema kila mara "ngoja mwezi ujao" hajakataa kulipa, lakini mwaka ukipita, mshahara wa kwanza umeponyoka.

Ahadi ya mdomo haisimamishi hesabu hiyo. Kinachoisimamisha, mbali na kushitaki, ni malalamiko mbele ya inspekta wa kazi, barua ya rekomande yenye hati ya kupokelewa, ao hesabu ambayo pande mbili zimekubaliana, inayoonyesha deni lililobaki.

Kupita kwa inspekta ni lazima. Kifungu cha 298 kinasema tribinali haipokei kesi ambayo haijapitia upatanisho mbele yake. Wakipatana, mapatano yanaandikwa. Wasipopatana, hati ya kutopatana inafungua mlango wa tribinali ya kazi, ao TGI pale ambapo tribinali ya kazi haijawekwa. Kutoka hapo, faili isilale tena.

Asiye na mkataba wa maandishi naye ana haki ya kudai. Anaweza kuleta mashahidi, ujumbe wa simu, daftari la mahudhurio ao karatasi za malipo ya zamani.

Hofu ya kufukuzwa ni ya kweli katika mji wenye kazi chache. Ndiyo maana ni heri kwenda wengi pamoja, ao na mjumbe wa sindika. Mgomo nao unaruhusiwa, lakini baada ya njia za upatanisho kwisha.

Kode hii haiwahusu watumishi wa serkali wenye matrikule, askari wala polisi. Wao wana sheria zao.

Kwa wengine wote, kazi ya kwanza ni ndogo: kuandika miezi isiyolipwa na kiasi cha kila mwezi, na kupeleka karatasi hiyo kwa inspekta kabla mwaka haujaisha.