Sindano ya Tezi Dume: Jihadharini na Mwezi wa Kwanza

Huenda mzee wako ameambiwa ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea, na daktari bingwa amemwandikia sindano ya kuzima homoni ya kiume. Dawa yenyewe ni nzuri. Saratani hii hulishwa na homoni iitwayo testosteroni, jambo alilolidhihirisha Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941, akaja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Ninalolalamikia mimi ni kudungwa wazee bila maelezo.

Mzee mmoja wa Kibokoni aliletwa kwangu usiku, wanawe wamemshika huku na huku. Siku kumi nyuma alidungwa goserelini, akarudi kwa miguu yake mpaka barazani kunywa kahawa. Sasa mgongo wamuuma, miguu imekufa ganzi na mkojo hautoki.

Dawa za jamii hii, goserelini na leuprorelini, hazizimi homoni siku hiyo hiyo. Kwanza huchochea tezi iliyo chini ya ubongo, testosteroni ikapanda kwa wiki moja au mbili, ndipo iporomoke kufikia wiki ya tatu au ya nne. Ikiwa saratani imeingia mifupa ya mgongo, uvimbe waweza kufura siku hizo na kuubana uti wa mgongo. Kinga yake ni vidonge kama bikalutamidi, ambavyo huanzwa siku chache kabla ya sindano na kuendelea wiki kadhaa. Mzee wangu hakupewa hata kimoja. Tulimkimbiza hospitali usiku ule ule. Leo anatembea, lakini kwa mkongojo.

Kwa hivyo uliza kabla ya sindano ya kwanza: mgongo umepigwa picha? Vidonge vya kutangulia viko wapi? Na baadaye miguu ikilegea au mkojo ukifunga, usingoje kupambazuke.

Upo pia upasuaji wa kutoa korodani, ambao hushusha homoni kwa saa chache na hufanywa mara moja tu. Wazee wetu hawapendi hata kuusikia, wala siwalaumu. Lakini daktari anayemficha habari hii mtu asiye na uwezo wa kununua sindano miaka na miaka, amemdhulumu.

Ama tarehe, zishikwe. Goserelini ya miligramu 3.6 hurudiwa kila siku 28, si kila mwezi wa kalenda. Ile ya miligramu 10.8 kila wiki 12. Wengi wakipata nafuu huacha, na homoni ikirudi saratani nayo hupata chakula chake. Wengine huahirisha kwa ajili ya Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mwaka 1997 kwamba sindano za ngozi au za msuli, zisizo za lishe, hazifunguzi saumu. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake, lakini amuulize kabla tarehe haijapita.

Ziko familia zinazoagiza dawa kutoka India, zikaiweka kabatini. Goserelini haitakiwi kuzidi nyuzi 25 za joto, na nyumba ya Mji wa Kale mwezi wa Machi hupita hapo hata usiku. Dawa nyingine za aina hii hutaka friji. Soma pakiti, au mwachie mwenye duka la dawa akuhifadhie.

Baada ya miezi, mifupa hupungua nguvu na sukari huweza kupanda. Mzee atembee kila siku, apimwe sukari na presha, na tende azile kwa hesabu. Atatokwa jasho la ghafla hata upepo ukivuma. Si malaria hiyo.

Na bibi yake aambiwe pia, mzee akiridhia. Hamu ya ndoa itapungua sana au kutoweka. Nimewaona kina mama wakidhani waume zao wameoa Kisauni, kumbe ni sindano.