Afya ya Jamaa: Kabla ya Kuuza Ng'ombe kwa Sindano Mpya

Ndugu msomaji, juma hili naiacha habari ya kuhifadhi maziwa niliyokuahidi, kwa kuwa barua iliyonifikia mezani haiwezi kungoja. Imeandikwa na mke wa koplo mmoja, naye amenikataza kuitaja kambi yao. Asema mumewe ana mabaka mekundu yenye magamba meupe viwikoni na kichwani, yapata miaka minane sasa, wala hakuna aliyeyajali. Mwaka jana kisigino cha kulia kilianza kuuma. Ikadhaniwa ni viatu vya gwaride. Kisha kidole kimoja cha mguu kikavimba chote, toka shina hata ncha, kama soseji. Asubuhi hupita karibu saa nzima kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati. Sajini wake amemwita mtegeaji. Majirani wamewakataza watoto wao kula sahani moja na watoto wa bibi huyu. Na sasa ndugu wa mume aliyeko Ulaya amewapigia simu kuwaeleza habari ya sindano mpya, zinazoitwa za interlukini. Wamekaa kikao, nao wanafikiri kuuza ng'ombe wawili walioko kijijini ili wanunue sindano hiyo. Aniuliza: je, tuuze?

Mimi si tabibu. Nilisomea ualimu, na sasa ni mtumishi wa Serikali. Kazi yangu katika ukurasa huu ni kusoma, kuwauliza wajuzi, kisha kueleza. Kumtibu koplo ni kazi ya daktari atakayemwona kwa macho. Lakini dalili alizoziandika bibi huyu zafanana mno na maradhi yaitwayo baridi yabisi ya soriasisi.

Soriasisi ni ule ugonjwa wa ngozi yenye magamba. Katika watu kumi walio nao, wapata wawili au watatu huja kushikwa na viungo pia, mara nyingi miaka kadhaa baada ya ngozi, na zaidi kati ya umri wa miaka 30 na 50. Hushika wanaume na wanawake sawasawa. Mahali apendapo adui huyu ni pale kano inaposhikana na mfupa, ndiyo maana kisigino huuma. Tazama pia kucha: zikiwa na vishimo vidogo vidogo kama subana ya fundi cherehani, au zikiinuka kutoka kwenye nyama yake, mwonyeshe daktari. Jambo moja huwapoteza wengi. Kipimo cha damu kinachotumika kutafuta baridi yabisi ya kawaida, kwa maradhi haya mara nyingi hakionyeshi kitu. Mgonjwa huambiwa damu yake ni safi, akarudi nyumbani na maumivu yake. Hata wataalamu walichelewa kuyatenga maradhi haya na mengine. Ni mwaka 1973 ambapo John Moll na Verna Wright wa Leeds, Uingereza, walipoandika maelezo yaliyokubalika kwamba ni ugonjwa wa peke yake.

Kuhusu sahani ya watoto, naomba majirani wanisikilize. Ugonjwa huu hauambukizi kwa chakula, kwa nguo, kwa kitanda, wala kwa kugusana. Si uchafu, wala si laana ya mtu. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya soriasisi, na ndani yake ulitambua mateso wanayoyapata wagonjwa kwa kutengwa na wenzao.

Lipo neno lingine ambalo si jepesi kulitamka, lakini nikilinyamazia nitakuwa nimewadanganya. Huko Lusaka, Zambia, madaktari Njobvu na McGill walichapisha mwaka 2000 habari za wagonjwa 28 wa baridi yabisi hii. 27 kati yao walikuwa na virusi vya UKIMWI. Sisemi kwamba koplo wetu ni mmoja wa hao, kwani soriasisi huwapata watu wengi wasio na virusi hivyo. Nasema apimwe, kwa sababu mwenye virusi akianza dawa za kuvipunguza makali, ngozi na viungo mara nyingi hupata nafuu pia.

Sasa tuje kwenye hizo sindano. Mwili una jeshi lake, nalo ni chembe nyeupe za damu. Chembe hizi hupelekeana habari kwa njia ya protini ndogo ndogo, kama vile kikosi kinavyopelekeana habari kwa simu ya upepo. Mwaka 1979, katika mkutano wa wataalamu huko Ermatingen, Uswisi, protini hizo zilipewa jina la interlukini, maana yake zipitazo kati ya chembe nyeupe na chembe nyeupe. Kila moja ikapewa namba. Katika maradhi haya kinachotokea ni kwamba mlinzi apiga king'ora na adui hayupo. Interlukini ya 23 huzichochea chembe fulani, nazo zikatoa interlukini ya 17. Hii ya 17 huiamuru ngozi kukua mbio mbio, na viungo kuvimba. King'ora hakizimwi, na askari wa mwili wanaendelea kuipiga nyumba yao wenyewe hata mfupa ukalika.

Dawa za zamani hulituliza jeshi zima. Hizi mpya humkamata tarishi mmoja tu njiani. Zenyewe ni kingamwili zilizotengenezwa kwa kusudi hilo, na njia yake ya asili iligunduliwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1984. Hazipikwi kama aspirini. Huzalishwa na chembe hai zinazofugwa ndani ya mapipa ya kiwanda. Kwa kuwa ni protini, ukizimeza tumbo litazisaga kama nyama, ndipo zikawa za sindano. Nazo hutaka ubaridi wa jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, bila kuganda. Fikiri juu ya hilo, wewe uliye kambini ambako umeme huzimika usiku kucha.

Marekani iliruhusu ustekinumabu kwa maradhi haya mwaka 2013, nayo huzuia interlukini za 12 na 23 pamoja. Sekukinumabu, izuiayo ya 17, ilifuata mwaka 2016; guselkumabu mwaka 2020 na risankizumabu mwaka 2022, zote mbili za kuzuia ya 23. Baada ya sindano za kuanzia, sekukinumabu hudungwa kila majuma manne, guselkumabu kila majuma manane, risankizumabu kila majuma kumi na mawili. Hapo, bibi, ndipo ng'ombe wako wanapoingia. Sindano hizi haziponyi. Humzuia tarishi maadamu zinaendelea kudungwa. Zikikatika, maradhi kwa kawaida hurudi. Huko Marekani matibabu ya mwaka mmoja hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Ng'ombe wawili watanunua mwanzo wa dawa ambayo mwisho wake hamna.

Na faida yake? Ni kubwa, lakini ipimwe kwa haki. Katika jaribio moja la sekukinumabu lililochapishwa mwaka 2015, walikuwamo wagonjwa 397. Baada ya majuma 24, katika kila mia waliopewa kipimo kikubwa cha dawa, 54 walikuwa wamepata nafuu ya angalau sehemu moja katika tano. Katika kila mia waliodungwa sindano isiyo na dawa, 15. Yaani wengi walinufaika, na karibu nusu hawakukifikia hata kiwango hicho. Anayesema kwa simu kwamba ni dawa ya kuponya kila mtu hajasoma hesabu hiyo.

Tena kumfunga tarishi kuna hatari zake. Kabla ya sindano ya kwanza mgonjwa hupimwa kifua kikuu, hata kile kilicholala mwilini bila kikohozi. Dawa za kuzuia interlukini ya 17 zaweza kuleta ukungu wa kinywani, na zaweza kuyazidisha maradhi ya utumbo kwa mtu mwenye kuharisha damu mara kwa mara. Kwa askari lipo la zaidi. Chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai, na mtu aliyekwisha kuanza sindano hizi hatakiwi kuchanjwa chanjo hai. Wanaopelekwa kulinda amani katika nchi nyingine huchanjwa wote kwa pamoja mstarini. Mwenye kutumia dawa hizi aseme kabla mkono haujanyoshwa. Aliyechanjwa zamani na anayo kadi hana shida, kwani tangu Julai 2016 kadi hiyo hutambuliwa kimataifa kwa maisha yote.

Basi afanye nini koplo? Aende hospitali ya rufani, aombe kuonana na daktari wa viungo, au wa ngozi ikiwa wa viungo hayupo. Aende mapema. Madaktari wa Dublin, Ireland, walichapisha mwaka 2015 kwamba wagonjwa waliochelewa zaidi ya miezi sita kumwona mtaalamu walikutwa baadaye na mifupa iliyolika zaidi, na uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi. Mfupa ulioliwa haurudi, hata kwa sindano ya bei gani.

Mara nyingi, viungo vingi vikiwa vimevimba, dawa ya kwanza ya kuzuia maradhi huwa methotreksati. Ni dawa ya zamani, bei yake ni nafuu, na hata huko Ulaya mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida huanza nayo kabla ya kupewa sindano za interlukini. Kwa maumivu ya kisigino peke yake haina nguvu sana, hilo tulikubali, na daktari aweza kuongeza dawa za kutuliza uvimbe. Lakini nishike neno moja kwa nguvu zangu zote: methotreksati humezwa SIKU MOJA TU KATIKA JUMA. Wapo watu waliokufa, katika nchi zenye hospitali nzuri, kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Bibi, chagua siku, tuseme Jumapili, uiandike kwa wino juu ya kichupa, nawe ukishike kichupa hicho wewe. Mgonjwa apimwe damu kila alipoagizwa, aache pombe kwa ajili ya ini lake, na mwanamke mwenye mimba asiiguse kamwe.

Neno la pili ni vidonge vya prednisoloni viuzwavyo dukani bila cheti. Shemeji yangu, polisi, alivipata kwa muuza dawa mmoja. Siku ya tatu alitembea kama kijana, akatucheka sisi tuliomwambia aende hospitali. Vilipokwisha aliviacha ghafla, na ndani ya majuma mawili ngozi ikalipuka mwili mzima kwa vipele vyenye usaha. Akalazwa mwezi mzima. Kwa mwenye soriasisi hilo ni jambo linalojulikana vitabuni. Sisi hatukulijua.

Ikiwa methotreksati itashindwa baada ya miezi kadhaa, hapo ndipo pa kuuliza juu ya interlukini, na kuuliza mahali penye akili: kama hospitali ya jeshi au bima ya kazi inaweza kugharamia, na kama zipo nakala za ustekinumabu, ambazo zilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2024 na Marekani mwaka 2025 kwa bei ya chini kuliko ya mtengenezaji wa kwanza. Ng'ombe mmoja akiuzwa, na awe wa nauli, vipimo na methotreksati.

Nawe Bwana Sajini, ikiwa gazeti hili limekufikia, mtazame koplo huyo saa kumi na mbili asubuhi, kisha umtazame tena saa nne. Baridi yabisi ya namna hii hukaza viungo alfajiri na kulegea mtu anapotembea. Mtegeaji hana sababu ya kuanza siku yake katika mateso na kuimaliza akiwa mzima. Cheti cha daktari kitakachomruhusu kuvaa viatu laini kikiletwa ofisini, kipokee.