Leseni ya Fataki na Wajibu wa Kuifuta

Fataki zinazorushwa hadharani usiku wa sikukuu ni baruti, na anayezirusha anafanya kazi ya hatari mbele ya umati usioijua hatari hiyo. Ndiyo sababu nchi nyingi haziruhusu kazi hii bila leseni. Lakini leseni hulinda watu pale tu yule aliyeitoa anapokuwa tayari kuichukua.

Mfano mchungu ni wa Enschede, Uholanzi. Tarehe 13 Mei 2000, ghala la kampuni ya maonyesho ya fataki lililokuwa katikati ya nyumba za watu, mtaa wa Roombeek, lilishika moto na kulipuka. Watu 23 walikufa, wakiwemo wazimamoto wanne, na mamia wakajeruhiwa. Kampuni ilikuwa na kibali. Tume iliyoongozwa na Marten Oosting ilibaini kwamba humo ndani mlikuwa na fataki nzito kuliko zile zilizoruhusiwa, na kwamba manispaa ilipokuta masharti yamevunjwa, ilipanua kibali badala ya kumwadhibu mkosaji. Hapo ndipo penye kosa kubwa. Mkaguzi anayekuta ziada na kuiandikia ruhusa amemfundisha mfanyabiashara kwamba sheria itamfuata yeye. Wakuu wa kampuni walihukumiwa kifungo baadaye, lakini hukumu hiyo iliwakuta wafu wamekwisha kuzikwa.

Huko Kerala, India, wakuu wa wilaya walikuwa wamekataa ombi la mashindano ya fataki katika hekalu la Puttingal. Yakafanyika hata hivyo, na alfajiri ya 10 Aprili 2016 watu zaidi ya 100 wakafa. Katazo lisilosimamiwa na mtu uwanjani ni karatasi tu.

Marekani imeweka masharti yanayofaa kuigwa. Leseni ya serikali kuu hudumu miaka mitatu. Tangu sheria ya mwaka 2002, wafanyakazi wanaoshika baruti huchunguzwa pia, si mwenye kampuni peke yake. Ghala sharti likaguliwe na mwenyewe angalau kila siku saba, na wizi au upotevu uripotiwe ndani ya saa 24. Uwanjani, kanuni inayofuatwa sana hudai futi 70 za nafasi kwa kila inchi ya kipenyo cha fataki. Yaani fataki ya inchi 6 huhitaji takriban mita 128 kati yake na watazamaji. Onyesho likiisha, mrushaji hutafuta zile ambazo hazikulipuka, na kukipambazuka hurudia tena, maana mtoto akiiokota moja asubuhi huweza kupoteza mkono.

Anayevunja masharti hayo kwa makusudi huweza kufutiwa leseni, naye ana haki ya kusikilizwa kwanza. Haki hiyo ni ya lazima, kwa kuwa bomba la kurushia fataki linaweza kupasuka kwa kasoro ya kiwandani bila uzembe wa mtu. Lakini aliyesogeza umati karibu ili onyesho lipendeze, au aliyejaza ghala kupita kiasi, hana kasoro ya kusingizia.

Basi kila mamlaka inayotoa leseni hizi na iweke daftari la makosa lililo wazi kwa umma, iwape wakaguzi wake uwezo wa kusimamisha onyesho papo hapo, na imfungie mkosaji kabla hajapewa kibali cha onyesho lingine.