UCHAMBUZI: Mchuuzi wa Diani asikabidhi wateja wake kwa soko la mtandaoni

KENYA iliposimamisha safari za ndege za abiria kutoka ng'ambo mnamo Machi 25, 2020 kwa sababu ya janga la corona, wachuuzi wa ufuo wa Diani walibaki na vikapu, leso na vinyago visivyokuwa na mnunuzi.

Safari hizo zilirejea Agosti 1 mwaka huo. Funzo lake, hata hivyo, lingali pale pale: mgeni anayenunua kikapu na kuondoka bila kuacha nambari ya simu ni mteja aliyepotea.

Tangu wakati huo wauzaji wadogo wamekuwa wakihimizwa kuhamia mtandaoni. Ambalo halijapewa uzito unaostahili ni swali la wahamie soko lipi.

Kwa muuzaji wa Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni maduka makubwa ya mtandaoni kama vile Jumia na Kilimall, ambayo hupokea malipo na kukata kamisheni kwa bidhaa zinazouzwa. Ya pili ni tovuti za matangazo kama Jiji, ambako muuzaji na mnunuzi hukutana kisha wakaelewana wenyewe.

Ya tatu ni mitandao ya kijamii, hasa Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp. Hapa muuzaji huonyesha picha za bidhaa zake na kulipwa moja kwa moja kupitia M-Pesa.

Kila njia ina gharama yake. Chukulia kikapu cha ukindu kinachouzwa Sh1,000, ambacho ukindu, rangi na ujira wa msusi vimegharimu Sh650. Soko likikata asilimia 15, Sh150 zimekwenda. Usafiri hadi Mombasa ukiwa Sh100 na ukalipwa na muuzaji, faida inayosalia ni Sh100 pekee. Mnunuzi akikirejesha kikapu hicho, hata hiyo faida haipo, na nauli haitarudi.

Ndiposa maduka makubwa yanafaa zaidi bidhaa zinazofanana na zinazouzwa kwa wingi. Korosho zilizofungashwa, au mafuta ya nazi katika chupa zenye alama ya ubora ya KEBS, zinaweza kustahimili makato hayo iwapo mauzo ni mengi. Kikapu, ambacho kila kimoja kina rangi na urembo wake, hakina wingi wa kufidia kamisheni.

Umbali nao haupuuziki. Furushi linalotoka Msambweni kuelekea Mombasa sharti livuke feri ya Likoni au lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024. Wanawake wa kikundi kimoja wakikusanya vikapu 20 na kuvituma pamoja, nauli ya kila kikapu itapungua kuliko kila mmoja akituma peke yake.

Lakini hatari kubwa kuliko makato ni kutegemea soko moja. Mwaka 2019, kampuni ya Jiji ilinunua biashara ya OLX nchini Kenya na katika mataifa mengine manne ya Afrika. Jina ambalo Wakenya wengi walilizoea likatoweka sokoni.

Novemba mwaka huo huo, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania, na mwishoni mwa 2024 ikajiondoa Afrika Kusini na Tunisia. Mnamo Mei 2024, kampuni ya Copia, iliyotumia mawakala kuwafikia wateja wa vijijini hapa Kenya, iliwekwa chini ya msimamizi baada ya kuishiwa na fedha.

Soko likifungwa, muuzaji hupoteza sifa aliyojijengea humo kwa miaka mingi. Aidha, hupoteza wateja, kwa kuwa aliyekuwa akiwajua ni mwenye soko. Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mitandao ya kijamii nayo si kimbilio salama. Akaunti inaweza kudukuliwa au kufungwa, na matapeli hutuma ujumbe bandia wa M-Pesa kudai kwamba wamelipa. Muuzaji anapaswa kuangalia salio lake kabla ya kuachilia mzigo.

Mnunuzi pia ana hofu ya kumlipa mtu asiyemjua. Hofu hiyo ndiyo huwapa maduka makubwa nguvu, kwani mnunuzi huamini jina la duka kabla ya kumwamini muuzaji.

Ni hapa ambapo mchuuzi wa Pwani Kusini ana nafasi wasiyo nayo wenzake wengi. Mteja wake humjia kwa miguu ufuoni, akaishika bidhaa na kumwona aliyeisuka. Imani imekwisha kupatikana. Kinachohitajika ni njia ya kuendelea kuwasiliana mgeni huyo akirejea Nairobi au Ujerumani. Isitoshe, tangu 2018 mwenye akaunti ya PayPal anaweza kuhamisha fedha zake hadi M-Pesa, hivyo malipo ya ng'ambo si kikwazo kama zamani.

Basi chombo cha kwanza cha biashara ya mtandaoni ni daftari lenye jina la mteja, nambari yake na alichonunua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mteja akubali kwanza kabla ya kutumiwa matangazo ya biashara, kwa hivyo aulizwe anapolipa.

Duka kubwa na tovuti ya matangazo vitumiwe kuwatafuta wateja wapya, huku bei ikipangwa kwa kuzingatia makato. Wanaorudi kununua mara ya pili wahudumiwe moja kwa moja.

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, wakati wageni wa Diani wanapopungua. Mchuuzi anayeanza kuandika nambari msimu wa wageni wengi wa Desemba atakuwa na watu wa kuwapigia simu mvua itakaponyesha.