Ubao Ukikufa, Nyimbo Zinabaki

Kompyuta ambayo watoto wanarekodia nyimbo za kwaya nyumbani ikikataa kuwaka, msikimbilie feza za likelemba. Fundi ajaribu kwanza alimantasio nyingine, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Umeme ukirudi kwa nguvu, unaweza kuua hicho peke yake.

Akihakikisha kwamba ni ubao mama ulioharibika, pelekeni dukani ule wa zamani pamoja na prosesa na RAM zake. Prosesa ya Intel ya tundu LGA 1155 haikai kwenye LGA 1151. RAM ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Mkikosea hapo, mtalipa vitu vitatu badala ya kimoja. Kama kuna kadi ya sauti ndani, angalieni kama ubao mpya una nafasi yake. PCI ya zamani si PCI Express.

Nyimbo zenyewe hazikai kwenye ubao, ziko kwenye diski. Fundi asiifute, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine, mnakili kazi ya watoto. Mlipe mkiisha kuona kompyuta inawaka na kusikia sauti.