Mstari ubavuni mwa meli: nani ana mamlaka ya kusema "imetosha"?

Meli ya MV Mwanza iliposhushwa majini mwaka 2023 tuliambiwa itabeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Wasikilizaji wengi wameuliza hesabu hiyo imetoka wapi. Nani alikaa akaipiga? Na siku wakija watu 1,300 wenye nauli mkononi, nani atawaambia mia moja wabaki gatini? Swali hilo ni la kisheria, na jibu lake ni refu kuliko muda tunaopata hewani, ndiyo maana tumeliandika hapa.

Tuanze na alama yenyewe. Meli za mizigo za baharini huchorwa ubavuni, katikati ya urefu wake, duara lililokatwa na mstari wa mlalo. Pembeni ya duara kuna mistari mifupi kama ngazi, kila mmoja na herufi zake. Unapopakia, meli inashuka kidogo kidogo. Maji yakifika kwenye mstari unaohusika, unaacha kupakia. Ile sehemu ya ubavu inayobaki kavu si nafasi iliyopotea. Ndiyo akiba inayoirudisha meli juu wimbi likiipiga. Mvuvi wa dagaa anaijua habari hii bila kusoma popote: mtumbwi ukibakiza vidole viwili maji yaingie, upepo mdogo tu unatosha.

Mistari ni mingi kwa sababu maji hayafanani. Lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi, lakini za ziwa ni kilo 1,000. Kwa hiyo meli ile ile, na mzigo ule ule, itazama zaidi ikiwa Mwanza kuliko ikiwa Tanga. Halafu kuna mstari wa nchi za joto, wa kiangazi na wa majira ya baridi kali, kwa sababu bahari ya kaskazini wakati wa baridi haina mzaha.

Alama hii ilipatikana kwa ugomvi. Karne ya 19 huko Uingereza, mwenye meli aliweza kuijaza kupita kiasi, akaikatia bima kubwa, na ikizama yeye hapati hasara. Mabaharia walioshasaini mkataba wakikataa kupanda meli mbovu walifungwa jela. Naomba msikilizaji urudie sentensi hiyo. Aliyekataa kufa ndiye aliyefungwa. Mbunge Samuel Plimsoll alilipigia kelele jambo hili, akaandika kitabu mwaka 1873, na mwaka 1875 akafanya vurugu bungeni serikali ilipouweka kando muswada wa meli. Mwaka 1876 sheria ikapita kwamba kila meli lazima iwe na alama.

Ila ilikuwa na tundu. Alama ni lazima, lakini pa kuichora anachagua mwenye meli mwenyewe! Angetaka angeiweka juu kabisa, na sheria isingemgusa. Ilichukua hadi mwaka 1890 kupitisha sheria ya kumnyang'anya uamuzi huo. Kwangu mimi hapo ndipo kiini cha habari yote kilipo. Anayefaidika na gunia moja zaidi asiwe ndiye anayepanga mwisho wa magunia.

Kimataifa, mkataba wa kwanza wa mistari hii ulikuwa wa mwaka 1930, na unaotumika leo ni wa mwaka 1966 ulioanza kazi 1968. Lakini mkataba huo ni wa meli zinazokwenda safari za kimataifa. Hauhusu vyombo vya uvuvi, wala meli mpya zenye urefu chini ya mita 24. Kivuko cha kutoka kijiji hadi kisiwa ndani ya nchi moja hakimo. Hapo tunabaki na sheria zetu wenyewe: Tanzania Bara ina Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 2003, inayosimamiwa sasa na TASAC. Zanzibar wana sheria yao na mamlaka yao ya usafiri wa baharini.

Na meli kufaa kwa safari si uzito peke yake. MV Skagit, iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ilikuwa imejengwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington. Huko ilifanya kazi kwa miaka mingi. Mkondo wa Zanzibar wenye upepo wa kusi ni maji mengine kabisa. Chombo kinafaa kwa maji fulani, kwa hali ya hewa fulani, na kikiwa na watu wanaojua kukiendesha.

Pia mstari hauoni mzigo umekaa wapi. Unapima uzito wote tu. Ndizi na magunia yakipangwa juu ya sitaha, au abiria wote wakikimbilia upande mmoja, meli inaweza kulala hata kama maji hayajafika kwenye alama.

Sasa tuje kwetu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha. MV Spice Islander ilikuwa na kibali cha watu 645, ikazama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba wengi zaidi ya hao. Na tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, MV Nyerere ikapinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao, kwa hesabu ya serikali, walikuwa zaidi ya 220.

Ukiziangalia ajali hizo tatu, hakuna iliyokosa namba ya uwezo. Namba zilikuwepo, tena kwa maandishi. Hakukuwa na mtu gatini mwenye nguvu ya kuzitetea. Baada ya Ukara, Rais John Magufuli alisema ameambiwa nahodha hakuwemo na usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo. Bodi zikavunjwa, watu wakakamatwa. Hayo yote ni baada ya mazishi.

Tunapenda kumlaumu abiria kwamba anang'ang'ania. Siku ya gulio mama mwenye mtoto na ndoo ya samaki hana kivuko kingine hadi jioni, na hajui kivuko kimeshabeba wangapi. Anayejua ni mkata tiketi, na baada yake nahodha.

Kwa mabaharia wa meli kubwa upo Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, unaompa baharia haki ya kulalamika akiwa melini bila kuadhibiwa kwa kulalamika kwake. Lakini nao unaziacha nje meli zinazotembea maji ya ndani ya nchi tu. Maana yake baharia anayetoka Dar es Salaam kwenda Dubai ana mkataba huo mfukoni, na mwenzake anayevusha watu Ukara hana. Huyo wa ziwani akikataa kung'oa nanga anabaki na abiria wenye hasira mbele yake, na kesho yake mwajiri aliyekosa mapato ya siku.

Wabunge wetu wa kanda ya ziwa wanaweza kuanzia hapo: nahodha anayekataa kuondoka kwa sababu ya uzito aandike sababu kwenye daftari la chombo, daftari likaguliwe na mkaguzi asiye mwajiri wake, na asifukuzwe kazi kwa alichoandika.